Timazi Imefungwa

Kila mwaka, kabla ya kunigongea muhuri kwenye kadi ya kupanda, daktari wa kazini huniuliza maswali tisa. Manane ni ya kupotezea muda. La tisa ndilo lenye meno: "Ukiwa juu, unasikia kizunguzungu?" Ukisema hapana, muhuri unagongwa na maisha yanaendelea. Ukisema ndiyo, kadi inabaki mezani kwake nawe unateremshwa kwenye kazi za chini, na kazi za chini kwetu ni stoo. Mwaka huu zamu yangu iliangukia Ijumaa. Jumatatu ya wiki hiyohiyo, nikiwa juu ya mnara wa saba nimepiga magoti nakaza bolti, sakafu ilianza kunisogeza.

Mimi ni fundi wa mitambo ya upepo. Tuna minara kumi na miwili mgongoni mwa kilima, kila mmoja mita themanini kwenda juu, mnene chini na mwembamba juu, na mapanga matatu kichwani. Wenzangu wananiita Kwanini. Jina hilo nilipewa na mama yangu nikiwa na miaka minne, baada ya kumchosha kwa maswali, na likanifuata mpaka kazini. Silichukii. Mtu wa kuridhika haraka asingedumu kwenye kazi hii.

Mnara kutikisika si habari. Mnara usiotikisika kabisa haujajengwa. Upepo ukisukuma mapanga, mnara unainama nyuma kidogo, unarudi mbele, halafu upepo huohuo unaushika na kuutuliza. Mwili ukishazoea, unasahau. Lakini kile cha Jumatatu hakikuwa mbele na nyuma. Kilikuwa kushoto, taratibu, kisha kulia, taratibu, kama umekaa benchi moja na mtu asiyetulia. Tena tulikuwa tumeuzima mtambo, mapanga yamesimama. Nilishika ukuta. Nikafumba macho, ikawa mbaya zaidi.

"Unasikia hii?" nilimwuliza mwenzangu, kijana tunayemwita Redio kwa sababu tangu aajiriwe hajawahi kuzima.

"Nini?"

"Hii. Kushoto, kulia."

"Dada, mimi tangu saa nne nasikia njaa tu," akasema, kisha akarudi kwenye kisa cha shemeji yake aliyegombana na fundi cherehani kwa ajili ya suruali yenye mguu mmoja mfupi.

Nikachukua simu ya upepo, nikamwita Injinia aliyekuwa ofisini chini. Yeye ndiye anayekaa mbele ya kioo chenye mistari kumi na miwili, mstari mmoja kwa kila mnara. Mnara ukicheza, mstari wake unapanda na kushuka.

"Mnara wa saba unasemaje?"

"Umetulia. Mstari umenyooka kama rula. Kwa nini?"

"Nauliza tu," nikasema. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza wiki ile, na nilijua fika kwa nini nadanganya.

Nilikuwa namwogopa Mzee Spana. Si yeye mwenyewe, maana ni mtu mpole kuliko wote nilionao kazini. Niliogopa kilichompata. Mzee Spana ndiye aliyenifundisha kazi; alinifunga mkanda wa usalama kwa mikono yake siku ya kwanza, akaniambia nisitazame chini wala juu bali nitazame bolti iliyo mbele yangu. Miezi minane iliyopita alianza kusema mnara wa saba unamyumbisha. Injinia akatazama kioo: mstari umenyooka. Wakanituma mimi nikasimame kule juu nusu saa, kama shahidi. Asubuhi ile hata jani halikutikisika. Nikarudi nikaandika kwenye ripoti: "Sijahisi kitu chochote," na tangu hapo sikupangiwa mnara wa saba mpaka Jumatatu ile. Daktari hakumwona Mzee na ugonjwa wowote, lakini alisema kwa tahadhari asipande tena. Sasa Mzee anagawa glavu na grisi stoo. Vitu vyote vilivyokuwa rafu za juu amevishusha chini ya bega, asilazimike kupanda ngazi. Akivuka uwanja, anapita kandokando ya uzio huku kiganja kinaugusa waya. Na mimi, mwanafunzi wake, nilimtania siku moja kwamba ameanza kulewa bila kunywa. Alicheka. Nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi inimeze.

Kwa hiyo Jumatatu ile, nikiwa nimeshika ukuta, nilikuwa na mawili tu. Ama mnara unacheza, au mimi naugua alichougua Mzee. Na siku nilizokuwa nazo kujua ni nne.

Nikaweka chupa yangu ya maji sakafuni, nikalala kifudifudi kuitazama. Maji yalipanda upande mmoja, yakapanda upande wa pili. Nikafurahi kwa sekunde tano. Halafu nikajiuliza: kama kichwa changu kinadanganya, macho yangu yamo kichwa kipi? Nilihitaji shahidi asiye na kichwa.

Jumanne ni siku ya kusafisha vifaa, na huwa tunaachiwa mapema. Nikaenda moja kwa moja kwenye jengo analojenga mama yangu.

Mama ni fundi mwashi. Amejenga tangu kabla sijazaliwa, na mpaka leo akiingia nyumba ya mtu jambo la kwanza kutazama ni pembe za kuta, salamu baadaye. Nilimkuta ghorofa ya tatu, kofia ngumu juu ya kitambaa cha kichwa. Ameteremsha kamba ya timazi kutoka juu ya ukuta mpaka sakafuni, na ile timazi yenyewe, kipande cha shaba chenye ncha, imezama ndani ya ndoo ya maji.

"Umekuja kunisaidia au umekuja kuuliza maswali?"

"Kuuliza."

"Basi shika huo mwiko, uulize huku mikono inafanya kazi."

Nikashika mwiko. "Mama, kwa nini umeiogesha timazi?"

"Kwa sababu ina wazimu." Hakunitazama, alikuwa anapaka udongo wa saruji juu ya tofali. "Kamba ikiwa fupi, upepo ukiigusa inatetemeka kidogo inanyamaza. Kamba ikiwa ndefu hivi, inabembea, inabembea, haikomi. Niisubiri mpaka lini? Nikiitia majini, maji yanaichosha. Inatulia."

"Na kwa nini kamba ndefu inabembea polepole?"

"Mwanangu, mimi najenga. Ndivyo ilivyo. Ukiirefusha inakwenda kivivu, ukiifupisha inakwenda mbiombio. Hata ukibadilisha uzito, haijali. Nimewahi kuwa na ya shaba na ya chuma, kamba sawasawa, mwendo uleule." Akaweka tofali, akaligonga kwa mpini. Halafu ndipo akanitazama. "Una nini wewe? Unauliza ya timazi na macho yako hayapo kwenye timazi."

Nikamwambia. Nilidhani nitasimulia kama mtu mzima, kwa mpangilio, lakini nilipofika kwenye neno stoo niliuweka mwiko chini.

"Naogopa, mama. Sijui kama ni mnara au ni mimi."

Mama akajifuta mikono kwenye suruali, akakaa juu ya mfuko wa saruji. Hakuniambia nisiogope. Si kawaida yake.

"Mimi nikitazama ukuta nikaona umepinda," akasema, "simwulizi mtu, na wala sijiulizi mwenyewe. Jicho linachoka, linazeeka, linapenda kazi yake. Natundika kamba. Kamba haina kichwa cha kuuma." Akainama, akaitoa timazi ndooni, akaikausha kwa pindo la shati lake, akaniwekea mkononi. Ilikuwa baridi na nzito kwa udogo wake. Akaongeza chupa ya unga wa bluu anaotumia kupigia mistari ukutani. "Uvirudishe vyote. Na ukiniangushia timazi yangu kutoka mita themanini, usije kula kwangu."

Jumatano upepo ulikuwa wa wastani, wa kutokea ubavuni mwa kilima. Mimi na Redio tulipanda na lifti mpaka jukwaa la mwisho lililo ndani ya mnara, chini kidogo ya mtambo wenyewe. Hapo ni chumba cha duara chenye taa moja na harufu ya grisi. Hakuna dirisha. Upepo unausikia ukipiga ganda la nje, lakini ndani haupenyi hata wa kuzimia kibiriti. Nikatundika kamba ya mama kwenye kitanzi cha dari.

"Tunajenga ukuta?" Redio akauliza.

"Tunamhoji shahidi."

Kwanza niliiacha kamba fupi, nusu mita. Timazi ikatetemeka kama mtu aliyeitwa jina kwa ghafla, ikatulia. Nikairefusha mpaka mita moja. Ikajisogeza, lakini bila moyo. Mita moja na nusu, ikaamka kidogo. Redio alikuwa amefikia mahali ambapo shemeji yake anakataa kulipwa kwa suruali nyingine. Nikairefusha tena, kidogo kidogo, mpaka ncha ya shaba ikabaki upana wa kidole juu ya sakafu. Mita mbili na robo hivi.

Mwanzoni haikufanya kitu. Halafu ikaenda kushoto, ndogo. Ikarudi kulia, imeongezeka. Kushoto tena, zaidi. Hakuna mtu aliyeigusa, hakuna upepo ulioigusa. Kila ikienda na kurudi ilikuwa inaiba kitu kidogo kutoka kwenye mnara na kukiweka juu ya kile ilichoiba mwanzo, mpaka ikawa inabembea upana wa sahani. Nikatoa saa, nikahesabu: mara ishirini kwa dakika. Nikahesabu tena. Ishirini. Mnara ulikuwa na mwendo wake, na kamba ya urefu huu ilikuwa imeujua.

Nikamwaga unga wa bluu sakafuni, nikautandaza kwa kiganja, nikaishusha timazi unywele mmoja. Ncha ikaanza kuchora. Mstari mmoja, huku na huku, palepale, unazidi kukolea. Nikachungulia kwenye mlango wa dari kutazama mtambo umeelekea wapi. Mstari haukufuata uso wa mtambo. Uliukata, kutoka ubavu mpaka ubavu.

Nilipiga kelele. Siwezi kusema nilisema neno gani, halikuwa neno. Nilikuwa mzima! Kichwa changu kilikuwa kizima, masikio yangu mazima, na kitu kilichokuwa kinaniyumbisha kilikuwa na tani mia mbili na kilikuwa kinayumba kweli. Nikageuka kumwonyesha Redio. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mstari wa bluu, mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Redio alikuwa amezima.

"Basi Mzee naye..." akasema, na hakumaliza.

Mzee naye. Furaha ilinitoka polepole, na mahali pake likaja swali langu la siku zote. Kwa nini unacheza? Maana mnara una dawa yake. Juu ya kila mnara, ndani ya chumba chake kilichofunikwa kwa mfuniko wa bolti sita, kuna pande la chuma la tani mbili linaloning'inia kwa fimbo nne, na chini yake limezama kwenye beseni la mafuta mazito. Mnara ukienda kushoto, pande linachelewa na kuuvuta nyuma. Mnara ukirudi, pande linaupinga tena, na mafuta yanazichosha nguvu zote mbili. Kitabu kina jina refu la kitu hicho. Sisi tunakiita timazi, jina alilolitoa Mzee Spana mwenyewe. Miaka sita nimefanya kazi chini ya timazi ya tani mbili, na sikuwahi kufikiria kwamba mama yangu ana ndoo inayofanya kazi hiyohiyo.

Tulifungua bolti sita. Nikamulika tochi.

Pande la timazi lilikuwa limesimama wima, kimya, kama limeota mizizi. Nikapima fimbo zake kwa macho, kisha kwa utepe: mita mbili na robo, urefu wa kamba yangu. Mnara ulikuwa unakwenda kushoto na kulia, na pande lilikuwa linakwenda nao bila kupinga chochote, kwa sababu ubavuni mwake ilikuwa imepenyezwa pini ya chuma nene kama kifundo cha mkono, yenye utepe mwekundu uliofifia. Pini hiyo huwekwa fundi akiwa anafanya kazi mle ndani, ili tani mbili zisimbane ukutani. Kazi ikiisha, inachomolewa. Hii ilikuwa na vumbi la miezi.

Daftari la mnara huning'inia msumarini, palepale mlangoni. Nikafunua nyuma, nyuma, mpaka miezi minane. Mwandiko wa Mzee Spana, wa herufi zilizolala: "Mafuta mapya yamewekwa. Yaachwe yatulie mpaka kesho. Timazi imefungwa." Chini yake, tarehe ya kesho yake, mwandiko mwingine wa haraka: "Nimeona. Sawa."

Mwandiko huo ulikuwa wangu.

Nikakumbuka yote. Ilikuwa siku ya mapumziko ya Mzee. Nilitumwa nikamalizie. Mvua ilikuwa inakuja, tumbo lilikuwa linanguruma, na mfuniko ulikuwa umesharudishwa na bolti zake sita. Nilisoma "timazi imefungwa" nikaelewa imefungwa kama unavyofunga redio kwenye gari au bomba jikoni: imewekwa, iko mahali pake, kazi imekwisha. Na neno letu hili linavyopenda kazi! Tunafunga mlango, tunafunga safari, tunafunga ndoa, tunafunga goli, tunafunga mashine mpya na tunafunga wezi. Mzee alikuwa anamwambia mtu wa kesho: nimeitia pini, ifungue. Mtu wa kesho, ambaye jina lake ni Kwanini, siku hiyo hakuuliza kwa nini.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye pini. Ningeichomoa, pande lingeanza kazi, na baada ya dakika chache mnara ungetulia. Ijumaa ningemjibu daktari hapana, na ingekuwa kweli. Redio ningemwambia nini? Ningemwambia lolote. Hakuna ambaye angejua, na Mzee Spana angeendelea kupita kandokando ya uzio mpaka siku ya kustaafu.

"Tuichomoe?" Redio akauliza.

"Usiiguse," nikasema, kwa ukali ambao hakustahili. Nikachukua daftari, nikateremka.

Stoo ilikuwa tupu. Mzee alikuwa nyuma ya meza yake anapanga glavu, za kushoto huku na za kulia huku. Nikaliweka daftari mbele yake, limefunuliwa.

"Mzee, hapa uliandika nini?"

Akavaa miwani. "Timazi imefungwa."

"Ulimaanisha nini?"

"Nilimaanisha imefungwa. Nilifunga."

"Ulifunga kwa maana ya kuweka?"

"Kuweka nini, binti? Timazi ipo mle tangu mnara ujengwe. Nilifunga kwa maana ya kufunga! Kwa pini!"

"Mimi nilielewa umefunga kwa maana ya..." Nikamwonyesha mwandiko wangu kwa kidole. "Pini bado ipo, Mzee. Ipo mpaka leo. Sikutazama. Niliandika nimeona na sikuona. Mnara unacheza, nimeupima kwa kamba. Ulikuwa unasema kweli."

Alishika glavu moja, akaigeuza ndani nje, akairudisha. Niliomba apige kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

"Niliifikiria timazi," akasema mwishoni, taratibu. "Usidhani sikuifikiria. Siku ya pili tu ya kuyumba nikasema, hii itakuwa pini. Nikafungua hilo daftari nikakuta umeandika umeona." Akavua miwani. "Nikasema basi, ikiwa binti ameona, ni kichwa changu."

Nikalia. Sioni sababu ya kuficha. Angenitukana ningevumilia, lakini kwamba aliuamini mwandiko wangu kuliko masikio yake mwenyewe, hilo lilinivunja.

"Miezi minane," akasema Mzee, na sasa sauti yake ilikuwa na moto. "Mjukuu wangu anajifunza kutembea, ananinyooshea mikono nimbebe, nami nakaa chini kwanza! Nakaa sakafuni ndipo nampokea, nisije nikaanguka naye! Miezi minane!" Akapiga meza, glavu za kushoto zikachanganyikana na za kulia. Akapumua. Kisha akauliza, kwa sauti ya fundi: "Pini iko wapi sasa?"

"Ipo palepale. Sijaigusa."

"Kwa nini?"

"Ningeichomoa, nani angekuamini?"

Halafu akachukua kofia yake ngumu, ambayo stoo haitakiwi, akaivaa. "Twende kwa Injinia," akasema. Tukavuka uwanja. Alitembea katikati, haraka, mbali na uzio, hata mimi mwenye miguu ya ujana nikawa namkimbilia. Sidhani kama alijua anapita wapi.

Injinia ni mtu wa haki, ila anaamini vitu vyenye skrini. Alisikiliza, akatazama mstari wake ulionyooka, akatutazama sisi. Kisha akauliza swali ambalo nami lilikuwa limeanza kunikereketa: kwa nini kipimio cha juu ya mnara, kinachouchora mstari ule, hakikuona? Akafungua michoro ya siku mtambo ulipowekwa. Akasonya. Kipimio kilikuwa kimefungwa kutazama mbele na nyuma tu, kule upepo unakosukuma. Pembeni hakikuwa na jicho.

"Kimefungwa kwa maana gani?" Mzee akauliza, na uso wake haukuonyesha kama anatania.

Redio akatumwa juu akakigeuze robo duara. Baada ya dakika kumi mstari wa mnara wa saba uliinuka kwenye kioo, ukashuka, ukainuka, mkubwa, wa kupendeza hasa, mara ishirini kwa dakika. Injinia akasogeza kiti karibu mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Msiichomoe pini kwanza," akasema. "Mtambo ubaki umezimwa, mnipe siku tano. Nataka kujua ulivyokuwa kabla, ili nijue utakavyokuwa baada." Kisha akakumbuka cheo chake, akanigeukia. "Nani aliandika nimeona?"

"Mimi."

Akanyoosha mkono, nikampa kadi yangu. Miezi mitatu ya stoo. Sikuwa na la kubishia.

Ijumaa nilikwenda kwa daktari hata hivyo, kwa sababu zamu ni zamu. Aliuliza maswali manane, akauliza la tisa. Nikamjibu hapana, kizunguzungu kilikuwa cha mnara. Aliyefuata mlangoni alikuwa Mzee Spana, ameitwa upya. Alitoka na muhuri wenye wino mbichi, akaupuliza njia nzima.

Basi Jumatatu iliyofuata nilikuwa stoo, nimekaa kwenye kiti chake, kila kitu kiko chini ya bega. Timazi ya mama nilikuwa nimeirudisha tangu juzi. Aliikagua ncha kwa kidole kabla ya kuniuliza hali. Saa tano simu ya upepo ikakohoa.

"Stoo, stoo. Hapa juu." Nyuma yake nilimsikia Redio, ametoka shemeji amehamia kwa mjomba. "Nyamaza wewe kidogo," Mzee akamwambia, kisha kwangu: "Naichomoa."

Nikasikia chuma kikisuguana na chuma, pumzi, kisha kishindo kidogo. Halafu hakuna. Nilishika simu kwa mikono miwili. Niliwaza pande lile likiamka, likichelewa, likivuta, mafuta yakilichosha.

"Mzee? Vipi?"

"Subiri. Unapungua." Buti zikasogea juu ya chuma. "Unapungua, binti. Nimesimama mguu mmoja hapa." Nikamsikia akicheka, kicheko kilekile cha siku niliyomtania, ila sasa kilikuwa na furaha ndani yake. "Chukua daftari, andika."

Daftari la mnara wa saba lilikuwa mbele yangu, Injinia aliamuru likae stoo mpaka shauri liishe. "Niandike imefunguliwa?"

"Thubutu! Andika: pini imechomolewa, iko mkononi mwangu. Pande la chuma linaning'inia huru, linacheza kushoto na kulia. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Sasa chini yake weka nimeona, tarehe, na sahihi yako."

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Nikainyanyua.

"Mzee, mimi sijaona. Niko stoo."

Simu ikavuma kwa upepo wa mita themanini. Nilidhani amekata.

"Ndiyo," akasema mwishoni, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Basi andika ulichofanya."

Nikaandika: "Nimesikia. Aliyeona ni Mzee Spana." Nikaweka tarehe, nikaweka sahihi. Kisha nikaleta ngazi, nikaanza kurudisha vitu kwenye rafu za juu.